Kutoka Michenzani hadi Chwaka kwa Baiskeli

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukurasa huu umezungumza mara nyingi juu ya barabara za Unguja, na si mara moja tumewalaumu wapanda baiskeli kwamba wanachelewesha magari na hawataki kupisha. Maneno hayo tuliyaandika mezani, na safari zetu za mashamba tulikuwa tukizifanya ndani ya gari. Jumapili iliyopita tuliamua kukilalia kitanda hicho, na leo tunawaeleza wasomaji wetu, pamoja na waheshimiwa viongozi wahusika, yale tuliyoyaona.

Tulikuwa watu 14: watumishi wa gazeti hili, walimu wawili, muuguzi mmoja, na vijana wa skuli za sekondari, wavulana kwa wasichana. Tulikusanyika Michenzani saa 12:30 asubuhi, wakati wa kipupwe, na baridi ilikuwa bado haijaondoka. Wengi wetu tulikuwa na zile Phoenix nyeusi za Kichina, nzito lakini imara, zenye keria nyuma. Wachache walikuwa wameazima baiskeli za kisasa zenye gia nyingi. Shabaha yetu ilikuwa kufika Chwaka, mwendo wa kilomita zipatazo 30, na kurudi mjini kabla ya jua kuchwa.

Mtu apitaye kwa gari huziona Welezo na Mwera kama majina tu yaliyoandikwa pembezoni mwa njia. Kwa baiskeli mambo ni mengine. Mwinuko ambao gari haliutambui, miguu huutambua mara moja. Harufu ya muhogo unaochomwa humfikia mtu kabla hajamwona mchomaji, na salamu haziishi. Mabibi waliokuwa wakifagia nyua zao walitujibu sabalkheri zetu na kutuuliza tumekimbizwa na nini. Baiskeli moja ilipopata pancha, fundi aliyekuwa amekaa chini ya mwembe alitia kiraka na kutupatia pampu yake, kisha akakataa malipo hadi tulipomlazimisha.

Lakini furaha hiyo haikutufikisha Dunga salama. Tulikuwa tumepangana mmoja nyuma ya mwingine, kama inavyotakiwa, lilipotokea gari likaipita gari nyingine penye kona, na nyingine ikawa inakuja mbele yetu. Dereva alipiga honi nasi tukatakiwa tushuke njiani. Mahali pale ukingo wa lami ulikuwa juu ya udongo kwa kiasi cha shibri moja. Kijana mmoja aliposhuka, gurudumu la mbele lilipinda naye akaanguka kwa goti. Gari halikusimama. Muuguzi wetu alilisafisha jeraha kwa maji ya kunywa na kulifunga kwa kipande cha kanga, nasi tukaendelea kwa kimya ambacho hatukuwa nacho tangu tuondoke.

Tulipumzika Dunga, karibu na magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, watawala wa asili wa kisiwa hiki ambao wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Hapo tulimkuta mchuuzi wa samaki, mtu mzima, akirudi kwao Chwaka na tenga tupu juu ya keria. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya alfajiri, na kufikia saa 3 alikuwa amekwisha uza. Tulimwamkia, akatuitikia, akalitazama goti la kijana.

"Wanangu," alisema, "nyinyi leo mmetembea tu. Mimi njia hii naipita kila siku ya Mungu. Tenga likiwa na samaki sithubutu kushuka ule ukingo, maana nikishuka samaki wote wako chini, na watoto wangu hawali. Sasa gari ikinipigia honi nami nimo ukingoni, nifanye nini? Na juu ya hayo lipo gazeti lililoandika kuwa sisi hatupishi."

Hatukuwa na budi kumwambia kuwa gazeti hilo ndilo letu. Alicheka kwa muda, kisha akasema, "Basi andikeni tena."

Alifuatana nasi hadi Chwaka. Baada ya Dunga udongo mzito wa magharibi hupungua, na mawe ya uwanda yakachukua nafasi ya minazi na migomba. Upepo wa kusi ulitupiga usoni na ubavuni, na vijana wenye gia nyingi hawakumpita mzee huyo hata mara moja. Tulipoiona ghuba na mikoko yake, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, hakuna aliyekumbuka uchovu. Tulikula samaki na muhogo, tukanywa madafu, na saa 9 alasiri tukageuka. Kijana aliyeumia alirudi kwa gari la shamba, baiskeli yake ikiwa imefungwa juu ya paa.

Tumesimulia haya kwa sababu yanahusu maisha ya watu. Wapo watu wengi katika visiwa hivi ambao baiskeli ndiyo gari lao: wachuuzi wa samaki, wauza maziwa, wabeba majani ya ng'ombe, mafundi, na wanafunzi wa skuli. Haitumii mafuta ya kuagizwa ng'ambo, na fundi wake yuko katika kila kijiji. Umoja wa Mataifa uliitambua thamani hiyo mwaka 2018, ulipoifanya tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani.

Tunashukuru kila barabara inayotiwa lami, kwani mkulima na mgonjwa wote wanaihitaji. Hata hivyo, lami nzuri huongeza mwendo wa magari. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, masafa linayohitaji ili lisimame baada ya kufungwa breki ni mara 4 ya lile liendalo kilomita 30. Kwa hiyo barabara mpya isiyo na nafasi ya mpanda baiskeli inaweza kuwa hatari kwake kuliko ile ya zamani yenye mashimo. Jambo hili si geni kwetu. Jijini Dar es Salaam, ilipojengwa njia ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016, waendao kwa miguu na kwa baiskeli walitengewa njia zao pembeni.

Tunaiomba Wizara inayohusika na ujenzi wa barabara mambo matatu. Kwanza, kila barabara ya shamba itakayojengwa au kutengenezwa upya iwe na mabega mapana yaliyoshindiliwa, yaliyo sawasawa na lami. Pili, zile zilizokwisha jengwa zijazwe kifusi pale ukingo ulipoachwa juu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na yaweza kuanzia penye kona na karibu na skuli. Tatu, askari wa usalama barabarani wawe wakali kwa wanaopita magari mengine penye kona, kama walivyo wakali katika ukaguzi wa leseni.

Wapanda baiskeli nao wana wajibu wao. Anayetoka kabla ya alfajiri bila taa wala kioo cha kurudisha mwanga anamtia dereva katika mtihani. Kwenda wawili wawili huku mnazungumza ni tabia inayofaa kuachwa, na sisi wenyewe tulijikuta tukiifanya zaidi ya mara moja.

Kuhusu yale tuliyoyaandika huko nyuma, tunakiri kuwa tulikosea, na tunawataka radhi waliohusika. Mwezi ujao tutatoka tena, safari hii kuelekea Mkokotoni. Kijana wa goti amekwisha jiandikisha. Iwapo yupo kiongozi mwenye dhamana ya barabara zetu ambaye angependa kufuatana nasi, tunamkaribisha kwa heshima zote. Baiskeli ya ziada ipo.