Saa Moja ya Kimya Katika Jioni ya Televisheni

Katika nyumba zetu nyingi televisheni huwashwa asubuhi na haizimwi mpaka wa mwisho aende kulala. Vituo ni vingi, na kila kimoja hutangaza usiku na mchana. Ijumaa hii tumeona tuitazame jioni ya namna nyingine kabisa, ile iliyoandaliwa na shirika la utangazaji la umma la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1950. Ndani yake limo jambo linalozihusu familia zetu.

BBC ilianza matangazo yake ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, London. Yalisimamishwa tarehe 1 Septemba 1939 kwa sababu ya vita, yakarejea tarehe 7 Juni 1946. Shirika hilo halikuuza nafasi kwa wafanyabiashara. Liliendeshwa kwa ada ya leseni iliyotozwa kila nyumba yenye televisheni. Kwa kuwa mlipaji alikuwa mzee na kijana, msomi na kibarua, ilipasa jioni moja iwe na fungu la kila mmoja. John Reith, mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, alikwisha kuliwekea shirika kazi tatu: kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha.

Basi jioni ilikwenda hivi. Saa 11 kilikuja kipindi cha watoto. Usiku zikaja habari, muziki, na tamthilia iliyochezwa mubashara mbele ya kamera. Kulikuwa na What's My Line?, kipindi kilichoanza 1951, ambamo jopo la watu mashuhuri lilijaribu kutambua kazi ya mgeni kwa kumuuliza maswali. Na Panorama, kilichoanza 1953, kikaja kuwa baraza la mambo mazito ya dunia. Baina ya kipindi na kipindi zilionyeshwa filamu fupi tulivu, kama ile ya mikono ya mfinyanzi ikifinyanga udongo juu ya gurudumu. Hatimaye ulipigwa wimbo wa taifa, na matangazo yakafungwa.

Lakini la kushangaza zaidi lilikuwa katikati. Ilipotimu saa 12 jioni, matangazo yalikatika. Hadi saa 1 usiku hapakuwa na kipindi chochote. Makusudio yalikuwa kuwapa wazazi nafasi ya kuwalaza wadogo, na wakubwa wafanye kazi zao za shule. Waingereza waliupa muda huo jina la mzaha, wakauita mapatano ya kusitisha vita na watoto wadogo.

Mapatano hayo hayakudumu. Tarehe 22 Septemba 1955 ilianza London televisheni ya biashara, ITV, ambayo riziki yake ilikuwa matangazo ya bidhaa. Kwake yeye, saa nzima ya kimya kila siku ilikuwa hasara tupu. Shauri likamfikia Charles Hill, waziri aliyesimamia posta na utangazaji. Huyu alikuwa daktari aliyepata umaarufu wakati wa vita kwa kuwapa watu nasaha za afya redioni. Aliona kwamba kumlaza mtoto ni wajibu wa mzazi, si wa dola. Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1957 BBC iliijaza saa ile kwa muziki wa vijana, na Jumatatu iliyofuata kikaanza Tonight, kipindi cha mambo ya siku.

Hoja ya Hill ina uzito, na hatuwezi kuibeza. Malezi ni amana ya mzazi. Hata hivyo, tangu siku ile mzazi aliyetaka kumwita mwanawe alale ilimlazimu kushindana na muziki na picha sebuleni mwake, na mwenye kuleta muziki ule hakuwa na haja ya mtoto kulala.

Kwetu sisi televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tazama basi ile saa waliyoichagua Waingereza. Katika pwani yetu, baina ya saa 12 na saa 1 ndipo jua huchwa mwaka mzima na adhana ya magharibi ikasikika. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwazuia watoto wetu nyumbani usiku unapoingia, mpaka kitambo kipite. Sisi, kwa hiyo, hatukuhitaji waziri wa kutuwekea saa hiyo, wala hapana waziri awezaye kutuondolea. Ikiwa imepotea, imepotea mikononi mwetu.

Hatusemi televisheni itupwe. Jioni ile ya zamani ilikuwa na faida moja kubwa: babu alingoja kipindi cha mjukuu kipite, na mjukuu akasikiliza habari za babu. Leo kila mmoja ana simu yake na kona yake, na chumba kimoja huwa na watu watano wasiosemezana.

Tunachokiomba kwa wazazi ni kidogo. Adhana ya magharibi iikute televisheni imezimwa, na simu zimewekwa kando, za wakubwa zikitangulia. Baada ya sala watoto wasome, waulizwe walichojifunza, wale na wazee wao. Kisha, ikiwa kuna kipindi chema, familia ikitazame pamoja na kukizungumza.

Wabillahi tawfiq.