Ute Ulindao Mfuko wa Chakula

Nyama tulayo huyeyushwa ndani ya mfuko wa chakula kwa nguvu ya asidi kali. Lakini mfuko wenyewe nao ni nyama. Kwa nini basi haujiyeyushi? Jibu lake ni ute.

Ukuta wa ndani wa mfuko umefunikwa na ute mzito, utelezao kama mlenda. Utelezi huo hutokana na musini, yaani protini ndefu zenye matawi mengi ya sukari yashikayo maji. Katika mfuko wenye afya ziko musini kubwa mbili: MUC5AC, itolewayo na seli za juu ya ukuta, na MUC6, itokayo katika tezi za chini yake. Seli za juu hutoa pia chumvi ya jamii ya magadi, nayo hupoza asidi kabla haijaugusa ukuta. Seli zenyewe hubadilishwa kila baada ya siku chache, mfano wa nyumba ikandikwayo udongo mpya kila mara.

Zamani vidonda vya tumbo vilidhaniwa kuletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha bakteria watokao katika mifuko ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na ukuta wa mfuko wake ukakutwa umevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hutengeneza amonia ya kujikinga na asidi. Amonia hiyo huulegeza ute, naye akapenya na kukaa humo, hasa penye MUC5AC. Wengi humpata utotoni, nyumbani mwao, wala hawasikii maumivu. Lakini kwa wengine ukuta huvimba miaka mingi, ukafanya vidonda. Wachache hufikia hatua ambapo ukuta wa mfuko huanza kufanana na ule wa utumbo, ukatoa MUC2, musini isiyo ya mfuko wenye afya. Si kansa hiyo, ila ni onyo kwamba hatari ya kansa imeongezeka.

Adui wa pili tunamweka wenyewe kabatini. Aspirini na ibuprofeni hupunguza utoaji wa ute. Mtu aumwaye tumbo, akimeza dawa hizo ili kutuliza maumivu, huzidi kuubomoa ukuta wake. Maziwa nayo hutuliza kwa kitambo tu, hayaponyi kidonda.

Ndugu msomaji, maumivu ya tumbo yasiyokwisha yapelekwe kwa mganga wa hospitali. Bakteria huyu hutambulikana kwa kupima pumzi au choo, na huuawa kwa dawa za viuavijasumu pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Dozi isikatizwe hata kama maumivu yametulia. Mwenye kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, asingoje hata siku moja.

Nyumbani, tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.