Fahamu: Gazeti la Mombasa lililohamia Nairobi
Msomaji wa kijiji cha Wema au mji wa Garsen akifungua The Standard leo, ameshika gazeti lililozaliwa Pwani. Lilianza Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard, likitoka mara moja kwa wiki.

Mwenyewe alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za Reli ya Uganda. Mwaka 1905 aliliuza, na wanunuzi wakalibandika jina la East African Standard.

Mbona likaondoka? Makao ya serikali ya kikoloni yalikuwa yameshahamia Nairobi. Mwaka 1910 gazeti nalo likafuata, likawa la kila siku.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, gazeti la Taifa Leo lilianza kutoka kila siku mwaka 1960, nalo pia Nairobi.