Acheni Kuyanywesha Risasi Magari ya Kale

Hapana. Rolls-Royce ya mwaka 1912 haihitaji petroli yenye madini ya risasi. Hispano-Suiza ya mwaka 1922 haihitaji. Swali hili naulizwa kwenye simu, naulizwa kwenye maonyesho ya magari ya kale, naulizwa nikiwa nimelala chini ya gari na mikono imejaa grisi, na kila mara anayeuliza ameshika chupa mpya: "Fundi, nimepata dawa ya kurudisha risasi kwenye petroli. Niweke kiasi gani?" Usiweke hata tone.

Hoja yake huwa ni hii: magari ya zamani yalitumia petroli ya risasi, petroli ya leo haina risasi, basi gari la zamani likinyweshwa petroli ya leo valvu zitakufa. Hoja imepangika vizuri, ila haina tarehe. Tuzitie.

Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley, mhandisi wa maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, alijaribu tetraethili ya risasi kwenye injini iliyokuwa ikigonga, nayo ikaacha kugonga. Petroli ya namna hiyo ilianza kuuzwa mjini humo humo tarehe 2 Februari 1923. Kabla ya siku hiyo hakuna mwenye gari popote duniani aliyewahi kuinunua. Rolls-Royce walikuwa wakitengeneza modeli yao ya 40/50, hii tunayoiita Silver Ghost, tangu mwaka 1906. Mwaka 1907 gari moja la modeli hiyo lilikwenda na kurudi kati ya London na Glasgow mpaka likatimiza maili 14,371, yaani zaidi ya kilomita 23,000, chini ya macho ya wakaguzi wa Royal Automobile Club. Injini ilipofunguliwa ilipitishwa kuwa haina kasoro. Midgley wakati huo alikuwa kijana wa miaka 18. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia chasi hiyohiyo ilivikwa deraya ikapigana huku kwetu, upande wa Taveta na Kilimanjaro, na kule Uarabuni pamoja na T. E. Lawrence. Petroli yake ilisafirishwa kwa madebe juani, na haikuwa na chembe ya risasi. Sasa mtu anaponiambia kwamba gari hilohilo litaharibika kwa kukosa kitu ambacho halikuzaliwa nacho, naomba anionyeshe limeishi vipi mpaka 1923.

Isitoshe, risasi haikutiwa kwenye petroli kwa ajili ya valvu. Ilitiwa kwa ajili ya mgandamizo. Petroli ya miaka ile ilikuwa dhaifu. Ukiigandamiza sana ndani ya silinda, sehemu yake inajilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo injini inagonga, na ikigonga muda mrefu pistoni inatoboka. Wahandisi wa Silver Ghost walilijua hilo, wakaipa injini mgandamizo wa takriban 3.2 kwa 1. Duesenberg Model J ya mwaka 1928, yenye silinda nane kwa mstari, kamshafti mbili juu, valvu 32 na nguvu za farasi 265, iliishia 5.2 kwa 1. Gari dogo la kawaida unalopishana nalo mjini leo lina 10 au zaidi, na linakwenda na petroli hiihii ya oktani 93 au 95 bila kugonga. Kwa upande huo, injini za kale hazijawahi kupata petroli nzuri kama ya leo.

Kinga ya valvu ilikuja kwa bahati tu, na hapo ndipo wauza dawa wanapopata pa kushika. Valvu ya ekzosi hufanya kazi katika joto kali mno. Inapofunga inakutana na siti yake, na kama siti imechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha kusubu cha bloku au hedi, chembe ndogo sana za chuma zinalehemeka kwenye uso wa valvu. Valvu ikifunguka, chembe zinang'oka, zinaungua na kuwa oksidi ngumu, nazo zinabaki pale pale usoni. Kwa kuwa valvu huzunguka kidogo kidogo inapopiga, inaisaga siti kama msasa, na siti inazama. Petroli ya risasi ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya siti, na utando huo ukazuia chuma kugusana na chuma. Huo ndio ukweli wote ulioko nyuma ya chupa unayouziwa.

Lakini ukweli huo una sharti, na sharti ni joto. Chuma hakilehemeki mpaka valvu ichemke kupita kiasi, na valvu haichemki hivyo mpaka injini izungushwe kwa kasi, chini ya mzigo, kwa muda mrefu. Silver Ghost ya 1907 ilitoa nguvu za farasi 48 kutoka lita saba, tena kwa mizunguko 1,250 kwa dakika. Piga hesabu: haifiki farasi saba kwa kila lita. Siti zake ni za chuma cha kusubu, ndiyo, ila valvu zake hazifikii joto la kuzidhuru. Hispano-Suiza H6, kazi ya Marc Birkigt iliyoonyeshwa Paris mwaka 1919, ina bloku ya aluminiamu iliyokazwa silinda za feleji kwa hesi, ufundi aliotoka nao kwenye injini za ndege. Aluminiamu tupu haiwezi kubeba pigo la valvu. Popote penye hedi ya aluminiamu, siti lazima iwe ya metali nyingine iliyo ngumu zaidi. Duesenberg ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho la karibu kidogo, kwa sababu inatoa karibu farasi 38 kwa lita, lakini ni lazima uikimbize kama ilivyokimbizwa na wenyewe mwaka 1930 ndipo uone tofauti. Simjui mwenye Duesenberg anayefanya hivyo leo.

Hofu ya wenye magari haya naielewa. Katika Bugatti Type 41, ile Royale ya lita 12.7 ambayo zimebaki sita tu duniani, hedi na bloku ni kitu kimoja. Ukitaka kusaga valvu, unatoa krankshafti kwanza. Bugatti ndogo za enzi ile nazo nyingi hedi zake hazifunguki peke yake. Mtu mwenye kazi kama hiyo mbele yake yuko tayari kununua chochote kitakachoahidi kuiahirisha.

Na sokoni hakukosekani kitu. Kuna vidonge vya stani vya kudumbukiza tangini, vinavyouzwa pamoja na hadithi ya ndege za kivita za Hurricane zilizopelekwa Urusi mwaka 1941. Stani haiyeyuki kwenye petroli kwa kiasi cha maana. Kisichoingia kwenye petroli hakifiki kwenye valvu, na habari inaishia hapo. Kuna sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta. Petroli haina habari na sumaku. Kuna wanaochanganya mafuta ya taa ili "kulainisha" valvu, kumbe wanashusha oktani na kuirudisha injini kwenye kugonga kulekule ambako risasi ilitafutwa kukuzuia. Kuna naftalini, vidonge vya kuwekea nguo kabatini. Naftalini inapandisha oktani kweli, lakini nimeshakuambia kwamba injini hizi hazidai oktani. Petroli ikikauka ndani ya kabureta, naftalini inaganda kuwa fuwele na kuziba jeti. Jeti ya kabureta ya mwaka 1922 huipati dukani, unaichonga.

Baya kuliko yote ni petroli ya ndege ndogo, ile ya buluu. Watu wanaitafuta kwa sababu ina risasi kweli, hadi gramu 0.56 kwa lita. Wanaimimina kwa mikono mitupu, katika gereji iliyofungwa, watoto wanacheza pembeni. Tetraethili ya risasi inapenya ngozini. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil, New Jersey, waliokuwa wakiitengeneza walikufa, baada ya kurukwa na akili kwanza. Moshi wake uliharibu ubongo wa watoto katika kila mji wenye magari, na ndiyo sababu nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, zikaiacha mwanzoni mwa 2006. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, liliisimamia kazi hiyo duniani mpaka Algeria, nchi ya mwisho, ilipoacha kuiuza Julai 2021. Kumrudishia mtoto wako sumu hiyo nyumbani, kwa ajili ya injini isiyoihitaji, ni jambo ninalolikataza gerejini kwangu bila mjadala. Atakayeleta gari lenye petroli hiyo ataondoka nalo.

Wapo wanaostahili kujali siti za valvu: wenye magari ya miaka ya 1950 hadi 1970 yaliyo na hedi ya chuma cha kusubu, na wanaoyakimbiza barabara kuu masafa marefu. Kwenu ninyi, haraka haraka. Pimeni kliarensi ya valvu za ekzosi injini ikiwa baridi, iandikeni, endesheni, kisha mpime tena. Ikibaki palepale hamna tatizo, yaani hamna cha kununua. Ikipungua kila mnapopima, siti zinazama. Punguzeni kasi kwenye safari ndefu, au tumieni kiongezi chenye potasiamu, fosforasi au manganizi. Chagueni kimoja na msichanganye viwili. Hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, tieni siti ngumu za kupachika na valvu za ekzosi zinazoendana nazo, hapo suala limefungwa. Msifungue hedi kwa ajili ya siti tu. Ama Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954, haja yake ni oktani, si risasi: ina mgandamizo wa 8.55 kwa 1, itafutieni oktani ya juu, basi.

Na ninyi wenye magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, fedha mliyotaka kununulia chupa ile inatosha kufanya mambo yafuatayo. Badilisheni mipira yote ya mafuta, kwa sababu petroli ya leo inaila mipira ya zamani, na gari hizi zinaungua kwa uvujaji kuliko zinavyokufa kwa valvu. Sogezeni bomba la shaba mbali na ekzosi: petroli ya leo inageuka mvuke upesi kuliko ile ya 1925, na gari likizimika kwenye foleni ya mchana, huo mvuke ndio wa kushuku kwanza. Rekebisheni muda wa plagi kwa kusikiliza injini, si kwa kitabu cha mwaka 1912 peke yake. Gari likikaa miezi bila kutembea, mwageni petroli yote, ya tangini na ya kabureta. Kama lilishatiwa naftalini, mwageni leo, osheni kabureta kwa petroli safi, na msiwashe injini mpaka jeti zote zipulizwe na kuangaliwa dhidi ya mwanga.