Uzi: GMO si saratani tu, kuna swali wanalikwepa

Kampeni zikikaribia, lazima mmoja asimame jukwaani aseme GMO inaleta saratani, na mwingine ajibu kwamba ndiyo itamaliza njaa. Nimechoka na wote wawili. Wacha tuongee polepole.

Kwanza, kuku wa gredi si GMO. Avokado ya kupandikizwa si GMO. Hata mahindi yako ya 614 ni haibridi tu, aina tofauti za mahindi zilizochavushwa pamoja. (Mtoto mnene pia si GMO, jameni.) GMO ni kiumbe kilichobadilishwa jeni maabarani. Mahindi ya Bt yamewekewa jeni ya bakteria wa udongoni, basi yanajitengenezea sumu ya kuua viwavi wanaotoboa bua. Sumu hiyo hushika tumbo la kiwavi, si lako.

Hofu ya saratani ilitoka wapi? 2012 utafiti wa Ufaransa ulionyesha panya wenye uvimbe. Novemba mwaka huohuo Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uagizaji. Mwaka uliofuata jarida likauondoa utafiti: panya walikuwa wachache, tena wa aina inayopata uvimbe kirahisi. Marufuku yetu ikabaki hadi Oktoba 2022, ukame ukiwa umetubana, kisha watu wakaenda mahakamani.

Hofu ninayoiheshimu mimi ni ya shambani. Afrika Kusini walipanda Bt kuanzia miaka ya 1990, na kufikia 2007 ilishaonekana viwavi wengine wameizoea sumu. Kuzuia hilo, mkulima anatakiwa aache sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida, yaliwe. Sasa mwambie hivyo mtu wa nusu ekari!

"Mtanunua mbegu kila msimu." Wa haibridi tayari ananunua. Anayeumia ni yule anayechagua magunzi mazuri ya mahindi ya kienyeji na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni. Mahindi huchavushwa na upepo. Jirani akipanda Bt, ile jeni itavuka ua, na hakuna atakayekuwa amekuomba ruhusa. Jeni yenyewe mara nyingi ina hataza ya kampuni.

Mgombea akifika kwenu, muulize: mbegu yangu ikichanganyika, ni ya nani? Na nikipata hasara, nani analipa?