Kivuli cha Soko Hulipiwa na Nani?

Mwananchi wa Kagoma anayetoka kibanjani kwake kwenda sokoni huvuka mpaka asiouona. Kibanjani, migomba na mibuni hukinga jua, na udongo hubaki na unyevu. Penye biashara, kwenye njia panda ya kwenda Lusahunga, pana bati, saruji na lami, vitu vinavyofyonza joto mchana kutwa na kuendelea kulitoa hata baada ya jua kutua. Mwaka 2024 umeingia katika kumbukumbu kuwa wenye joto kubwa kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani. Muleba na Bukoba, kwa neema ya mwinuko na ziwa, hazijaonja joto la Dar es Salaam. Lakini muuza nyanya aliyekaa juani tangu asubuhi huona mali yake ikilegea kabla ya jioni.

Dawa inafahamika: miti, mapaa ya kivuli na maji ya kunywa. Kinachosumbua ni fedha, kwa kuwa si kila fedha hufaa kila kazi.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulipata msaada wa wafadhili mwaka 2022 na kuyawekea masoko yake matatu ya wazi mapaa ya kivuli. Msaada haulipwi, na huo ndio uzuri wake. Lakini paa likichakaa, mfadhili huenda ameshaondoka.

Tanga ilipita njia nyingine. Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya jiji hilo iliuza hatifungani ya kijani ili kupata shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma ya maji. Hatifungani ni mkopo unaoombwa kwa umma: anayenunua huikopesha mamlaka, naye hulipwa riba, hapa asilimia 13.5 kwa mwaka, hadi mtaji wake urudishwe baada ya miaka 10. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu maji yana ankara, na ankara ndizo zinazolipa deni. Kivuli hakina ankara. Halmashauri itakayokopa kwa riba ili kupanda miti itajitafutia taabu.

Hivyo kivuli hubaki na njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kukiingiza katika mradi mkubwa tangu michoro inapoandaliwa. Soko au stendi inapojengwa, kuinua paa na kuacha nafasi ya miti huongeza gharama kidogo tu. Kubomoa baadaye ni ghali. Ya pili ni mapato ya ndani, ukiwemo ushuru wa soko. Anayelipa ushuru kila siku ana haki ya kuuliza ni sehemu gani inayorudi pale anapoketi.

Katika mapato hayo hutengwa asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haijengi soko, ila kikundi kinaweza kuanzisha kitalu na kuuza miche. Na tusisahau umwagiliaji: mche uliopandwa kwa shangwe na kuachwa bila maji hufa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, na fedha hufa nao.

Kando ya barabara kuu, eneo la mita 30 kila upande kutoka katikati ni hifadhi ya barabara. Kupanda au kujenga humo kunahitaji kibali cha TANROADS.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hukusanywa miezi mingi kabla, kuanzia Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ifike Halmashauri. Ombi lisemalo tu kwamba joto limezidi hupotea njiani. Lenye uzito hutaja eneo, idadi ya wafanyabiashara wasio na kivuli, chanzo cha maji kilicho karibu, na jina la atakayemwagilia.