Dawa Moja, Miili Mbalimbali: Kazi ya Ini Letu

Watoto wawili wa nyumba moja huweza kuugua malaria na kupewa dawa ile ile kwa kipimo cha uzito wao. Siku ya pili mmoja anacheza uani, mwenzake analalamika tumbo. Je, dawa ni mbovu? Si lazima. Pengine ni ugonjwa wenyewe. Lakini sababu nyingine imo ndani ya ini.

Mwaka 2003, baada ya klorokwini kushindwa, Zanzibar ilianza kutumia mseto wa artesuneti na amodiakwini. Amodiakwini ikishamezwa hufika kwenye ini, na humo hukutana na kimeng'enya kiitwacho CYP2C8, kimoja cha ukoo wenye vimeng'enya 57 katika mwili wa binadamu. Kimeng'enya hiki hukata kipande kidogo cha dawa. Sehemu inayobaki ndiyo inayokaa siku nyingi katika damu ikiua vimelea.

Kimeng'enya hiki kikoje? Fikiria mbuzi ya kukunia nazi. Ubao unashikilia, chuma kinakuna, na nazi moja ikiisha unaleta nyingine. CYP2C8 ni mnyororo wa asidi-amino 490 uliojikunja. Katikati yake kuna himu, yaani duara lenye chembe ya madini ya chuma, sawa na lile linalofanya damu yetu iwe nyekundu. Juu ya chuma hicho kuna mfuko ambamo dawa huingia. Chuma hushika oksijeni tunayovuta na kuitumia kuikata dawa. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitangaza umbo lake kamili, walilolipata kwa mionzi ya eksirei, na wakaona kwamba mfuko wake ni mpana, hivyo hupokea dawa kubwa.

Sasa, kila mtu hurithi nakala moja ya maagizo ya kukitengeneza kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Baadhi ya nakala zimebadilika kidogo. Iliyo ya kawaida zaidi kwa Waafrika hubadili asidi-amino moja tu, ile ya 269, na kazi hupungua kasi. Ni kama mbuzi ambayo chuma chake kimelegea: nazi itakunika, lakini polepole.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 uliwapima wagonjwa 165 wa malaria wa Zanzibar. Nakala hiyo ilikuwa kama 14 katika kila 100, na ilikisiwa kwamba watu wapatao 4 kati ya 100 husaga amodiakwini polepole. Utafiti wa Burkina Faso wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wenye nakala hiyo walipona sawa na wenzao, ila walilalamika zaidi maumivu ya tumbo.

Basi, wazazi, tuzingatie haya:

1. Usikatishe dozi kwa sababu ya tumbo au uchovu. Maliza siku zote tatu. Mtoto akitapika dawa, rudi kituoni mapema.

2. Mweleze mhudumu dawa zote mnazotumia. Kotrimoksazoli, na efavirenzi ya wenye virusi vya UKIMWI, huweza kukizuia kimeng'enya hiki. Mhudumu anaweza kuchagua mseto mwingine. Usiache dawa hizo mwenyewe.

3. Usimpe mtoto vidonge vilivyobaki vya jirani. Alichovumilia yeye, wako huenda asikivumilie.

4. Macho yakiwa ya manjano, au homa ikirudi pamoja na vidonda vya koo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto anayelalamika si mdekaji, wala aliyempa dawa si lazima awe amekosea. Msikilize, mweleze mhudumu, na dozi imalizike.